Hodi ya Nne

Nyuma ya uwanja wa Gombani, pale njia inapokata kona kushuka bondeni, pana baraza moja la saruji lenye ufa katikati. Wapo wanaoapa kwamba ufa ule uliletwa na siasa, lakini ukweli ni kwamba aliyelijenga aliibana saruji. Hata hivyo, tangu vyama vingi viingie, wa chama hiki hukaa kulia kwa ufa na wa chama kile kushoto, na kinachovuka ni kahawa. Iliwahi kupita miaka miwili mizima watu wa kulia na wa kushoto hawapigiani hodi, si kwa harusi wala kwa msiba. Nyumba pekee iliyokuwa ikiingiwa na wote ni ile iliyo mkabala na baraza, ya Bi Tamima, kwa sababu wote walisoma Kurani chuoni kwake na hakuna aliyethubutu kumwonesha mwalimu wake kadi ya chama. Mwaka tunaousimulia haukuwa wa uchaguzi. Watu walikuwa na wasaa wa kubishana juu ya mambo mengine, na jambo la wiki ile lilikuwa ndani ya boksi.

Boksi alikuwa nalo Shaame. Shaame ni fundi wa umeme, na barazani anaitwa Volti, jina alilopata siku aliyopigwa na shoti juu ya paa la msikiti akashuka anamsalimia kila mtu kwa jina lisilo lake. Miaka ishirini alikuwa akitengeneza redio, pasi na mafeni. Sasa alikuwa amepata kazi asiyowahi kuipata, ya kuitia nyumba nzima ya Bi Tamima ulinzi wa kisasa: kamera nne, kitasa kinachofunguliwa kwa simu, taa zinazojiwasha mtu akipita, king'ora, na kengele ya mlango yenye jicho, sikio na mdomo. Vyote vilitumwa na Zahran, mwana wa pekee wa Bi Tamima, aliyeko Maskati mwaka wa kumi na tisa huu. Zahran alichora ramani ya nyumba akaipeleka kwenye simu ya Shaame, imejaa alama nyekundu. Alama kubwa kuliko zote ilikuwa kwenye mlango wa uani. Hapo aliandika: upigwe bati, utiwe komeo, usifunguliwe tena. Na alitaka picha ya mlango umeshazibwa kabla ya magharibi ya siku hiyo.

Sababu ya yote hayo mtaa mzima uliijua. Mwezi uliopita Bi Tamima aliteleza jikoni kwake, uani, adhana ya adhuhuri ikiwa imetoka zamani kidogo. Akalala pale chini mpaka karibu na alasiri, nyonga imeumia, mkono wa kulia umevunjika, hana mtu. Aliyemkuta ni jirani yake, Mwanawema, aliyekuja kurudisha kinu. Zahran alipopata habari alilia kwenye simu, akauliza vipi mama yake anaishi peke yake na mlango wa nyuma uko wazi kutwa. Baada ya wiki mbili boksi likapanda ndege.

Barazani walisema Volti kaidaka kazi ile kwa kutaka jina, maana Zahran alimwahidi kwamba ikitoka vizuri atamtaja kwa wenzake wa Maskati wenye majumba Chake na Wete. Hilo lilikuwa kweli. Lakini Shaame alikuwa na sababu nyengine, na hiyo hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe.

Jioni hiyo, baada ya swala ya alasiri, alikuwa amekaa barazani anakaza skrubu za ile kengele. Asubuhi alishatia kisanduku cha ndani, ukutani, kando ya kitanda alicholala Bi Tamima tangu atoke hospitali, juu ya kigoda ambacho Mwanawema humwekea sufuria ya uji na upawa wake. Kilichobaki mkononi ni kidude cha kutiwa mlangoni. Alikuwa ameshawaeleza wenzake kinavyofanya kazi: mgeni anabonyeza, taa ya buluu inawaka, na anachosema kinasikika ndani, na anayejibu ndani husikika nje. Kisanduku cha ndani alikiweka kijifungue chenyewe, maana mkono wa Bi Tamima ulikuwa bado kwenye plasta na hakutaka kumsumbua na mambo ya kubonyeza.

Wa kwanza kukichukua alikuwa Kificho, anayekaa kulia kwa ufa, muuza simu za mkono wa pili. Anaitwa Setilaiti, kwa kuwa hakuna habari ya dunia asiyoipata kabla haijatokea. Alikigeuza, akakinusa, akauliza kama kinaona kwenye giza. Shaame akasema kinaona. Akauliza kama kinasikia mtu akinong'ona. Shaame akasema kinasikia. Kificho akakiweka chini taratibu, akasogea mbali nacho kidogo.

— Basi hino si kengele, alisema. — Hino ni shahidi.

Kushoto kwa ufa alikaa Mmanga, mshona kanzu, aitwaye Kadhi kwa sababu hawezi kutoa kauli isiyokuwa hukumu. Mmanga alikuwa ameiona ramani ya Zahran, na kamera ya uani ilikuwa imemkwama kooni tangu juzi. Alishusha miwani, kama afanyavyo kabla ya jambo zito, akauliza kamera ni maharimu au si maharimu. Vikombe viliwekwa chini kwa heshima ya swali. Ndipo akafafanua kwamba uani wanawake wanakaa na kanga moja, wanasukana, wanakuna nazi. Picha zinakwenda kwa Zahran. Zahran ni maharimu wa mama yake, hapo hana neno. Lakini Mwanawema si mama yake wala si shangazi yake, na huko Maskati Zahran anakaa chumba kimoja na wenzake watatu, na simu huachwa mezani.

Azzam, muuza kahawa, ambaye hukaa juu ya ufa wenyewe ili asipoteze wateja wa upande wowote, alitaka kujua Mwanawema mwenyewe kasemaje. Shaame akasema kamwambia asubuhi hiyohiyo, yeye akiwa juu ya ngazi: kamera ikikaa uani, ama atakuja kurudisha kinu na buibui lake, ama hatakuja. Watu wakacheka. Shaame aliinamia skrubu zake.

Kificho alikuwa na dawa. Kamera ivishwe kitambaa saa za wanawake. Mmanga akamjibu kwamba saa za wanawake uani zinaanza alfajiri na kwisha isha. Basi itazame juu, akasema Kificho, ilinde bati. Hapo mazungumzo yakapanda kwenye bati, na kwenye bati yakakutana na popo.

Popo wa mtaa ule ni wakubwa na hawana adabu. Kificho alihesabu kwa vidole: popo akipita, taa inajiwasha. Taa ikiwaka, king'ora kinalia. King'ora kikilia, simu ya Zahran inalia Maskati. Zahran anampigia sheha, mkuu wa mtaa, na sheha anatoka na kikoi chake kwenda kuangalia, na sheha akipita, taa inajiwasha tena. Kwa makadirio yake, kwa popo wa bonde lile peke yao, sheha hatalala mpaka uchaguzi ujao.

Katikati ya hesabu hiyo alifika mtu mmoja wa makamo, kanzu imekunjwa mpaka magotini, mikono ina udongo mwekundu. Alitoa salamu, akaomba radhi, akasema yeye ni Nassor, mkulima wa Mgogoni, mpira wa baiskeli umepasuka na fundi pale chini kamwambia asubiri. Wakamkaribisha. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona nafasi karibu na Azzam, juu ya ufa, akakaa hapo bila ya kujua kwamba kakaa mahali pa hekima. Azzam akampa kikombe na kipande cha kashata, na baraza likaendelea kama ametoka humohumo.

Azzam aliingiza lake, kwa sauti ya chini.

— Na hawa wenzetu wanaotembea bila ya nguo?

Watu wa Unguja hutucheka kwa habari za wanga, wachawi wa usiku, na siye hatupendi kuwakatisha tamaa. Kificho alisema hapo ndipo mambo yatakapoharibika, maana kamera ikiona mwili uchi inaandika tarehe na saa, na mwanga mwenye heshima zake hawezi kukubali. Watakwenda kwa sheha kuomba jicho ligeuzwe. Mmanga akasema sheha hawezi kuamua kabla haijajulikana ushahidi wa kamera ni wa mtu mmoja au wa nusu mtu, kwa kuwa ina jicho moja. Nassor wa Mgogoni alikuwa akisikiliza kwa makini, kikombe kimesimama njiani kati ya sahani na mdomo.

Kificho, alipoona mgeni anasikiliza, alizidi kupanda. Kwa mitambo ya siku hizi, alisema, Zahran akipiga chafya Maskati, kitasa kinafunguka Gombani. Shaame akasema si chafya. Zahran anabonyeza kwenye simu, kitasa kinafunguka.

Mmanga akainua kidole.

— Ngoja, yakhe. Mgeni akija, anayemfungulia nani?

— Zahran.

— Na anayemwambia karibu?

— Zahran. Sauti inatokea hapa.

— Na Zahran yuko Maskati.

— Yuko Maskati.

Safari hii Mmanga hakushusha miwani, aliivua. Akasema karibu ya mtu asiyekuwamo ndani si karibu, ni salamu za redio. Kisha akazama kwenye jambo lililomsumbua zaidi: kubonyeza ni hodi au si hodi, na kama ni hodi, mtu abonyeze mara ngapi. Kificho, ambaye huona swali halijakamilika mpaka lijaribiwe, akakivuta kidude, akabonyeza. Akangoja kiasi cha mtu kujifunga kikoi, akabonyeza tena. Akangoja, akabonyeza ya tatu. Azzam alikuwa akimimina, hana pa kuweka sinia la kashata, akaliegemeza mbele ya kidude, na hakuna aliyekitazama tena.

— Tatu, alisema Mmanga. — Hapo hatuna ugomvi, kulia wala kushoto. Ya kwanza ya kumwamsha aliyelala. Ya pili ya kumvisha asiyevaa. Ya tatu ya kumpa nafasi akitaka kukukataa. Baada ya hapo wageuka wenda zako, huchungulii dirishani, wala hununi.

Kila kichwa kilitikisika. Azzam akakumbusha kwamba somo hilo walilipata kwa Bi Tamima mwenyewe, palepale ukumbini kwake. Alikuwa akiwapanga watoto nje ya mlango mmoja mmoja wapige hodi, na yeye ananyamaza kwa makusudi. Atakayepiga ya nne anaingia ndani kuchukua bakora yake. Kificho akasema yeye alikula tatu, Mmanga akasema mbili. Waliulizana Volti alikula ngapi, na Mmanga akakumbuka kwamba Volti hakula hata moja. Alikuwa mtoto mtiifu kuliko wote, akipiga tatu anageuka kama askari.

Bisibisi ya Shaame ilikuwa imesimama. Hilo ndilo lililokuwa likimla mwezi mzima. Siku aliyoanguka Bi Tamima, yeye alikuja. Alikuja na feni la Bi Tamima kwapani, ameshalitengeneza, jua kali, njia nyeupe, barazani hakuna mtu. Alisimama mlango wa mbele akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Akasikia huko ndani kabisa, uani, upawa unagonga sufuria. Akasema moyoni, mwalimu anapika, hanisikii. Akapiga ya tatu, upawa ukagonga tena. Akageuka, akaondoka na feni lake, tena akijiona mtu mwenye adabu. Alasiri ndipo aliposikia kilio cha Mwanawema.

Kesho yake alilipeleka feni hospitali, kama kwamba ndiyo kwanza limepona. Hakusema kitu. Na tangu siku hiyo akisikia upawa kwake, mkewe akipakua tu, chakula hakimpiti. Boksi la Zahran lilipokuja alilipokea kwa mikono miwili, akaona hapa ndipo atakapolipa. Alisoma maelekezo yote, hata ya Kichina aliyatazama.

Nassor wa Mgogoni aliweka kikombe chini.

— Samahanini, alisema. — Miye mgeni, nauliza tu. Huyo bibi siku aliyoanguka, mbele hakuja mtu?

Swali lilikuwa dogo na halikuwa na ubaya. Kificho, ambaye ana habari za Japani, alimtazama Mmanga. Mmanga akatazama miwani yake. Azzam akasema mchana ule jua lilikuwa kali na baraza lilikuwa tupu. Mmanga akasema hakuja mtu, kisha akajiuliza mwenyewe kwa sauti amelijuaje hilo. Hakuna aliyewahi kuliuliza. Mtaa mzima ulishughulika na nani aliyemkuta, kisha na kamera ngapi zitiwe wapi.

Nassor akadhani hakueleweka.

— Nauliza kwa sababu huo mlango mnaotaka kuuziba ndio alioingilia huyo mwenye kinu. Sasa nikawa natafuta wa mbele ulimsaidia nini.

— Ulinileta miye, alisema Shaame.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameshika bisibisi kwa mikono miwili na anaitazama hiyo.

— Nilikuja na feni. Adhuhuri imeshapita. Nikapiga hodi tatu, na nikasikia upawa unagonga sufuria. Nikasema anapika. Nikaenda zangu. Alikuwa yuko chini, na miye nimesimama hapa mlangoni, nimemsikia, nikaenda zangu.

Shaame akasema mwezi mzima anajaribu kujiambia kwamba hakukosa, kwa sababu tatu ni tatu. Na kila akijiambia hivyo anasikia upawa.

Mmanga alivaa miwani yake polepole. Ni rafiki wa Shaame tangu chuoni, ingawa kura zao hazijawahi kukutana, na alitaka kumpa kitu cha kushika. Akaanza kusema kwamba mbele ya sheria mtu aliyepiga hodi tatu hana lawama, kwamba hakujua, kwamba upawa si sauti ya mtu.

— Ilikuwa sauti yangu, Mmanga.

Sauti hiyo ilitoka nyuma ya kashata. Azzam alisimama akapiga bismillahi na dele la kahawa likamponyoka, kahawa yote iliyobaki ikaingia kwenye ufa. Kificho aliruka upande wa kushoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu vyama viingie. Ni Shaame peke yake aliyeijua sauti ile. Alilisogeza sinia, akaiona taa ya buluu inawaka, na akaelewa kwamba Bi Tamima amewasikia yote, tangu hodi za Kificho.

— Mwalimu, alisema.

— Nimekusikia, mwanangu. Na siku ile nilikusikia. Nilijua ni weye kwa hodi ya kwanza. Mdomo ulikuwa mkavu, sauti haitoki. Upawa ulikuwa karibu na mkono mzima. Ulipopiga ya pili nikagonga. Ulipopiga ya tatu nikagonga tena. Karibu zangu zilikuwa hizo.

— Nilizisikia. Nikadhani wapika.

— Nilijua umedhani napika. Nikawa nangoja hiyo ya nne.

Shaame alijifuta uso kwa mkono wenye vumbi la ukuta.

— Ulitufundisha tatu, Mwalimu.

Walisikia pumzi za Bi Tamima, na huko nyuma kuku wa Mwanawema.

— Nilikufundisheni tatu, alisema Bi Tamima. — Na bakora nilikutieni. Basi somo lile sikulimaliza. Tatu ni kwa nyumba ya mtu usiyemjua. Mtu wako anayekaa peke yake, ukapiga tatu asikuitikie, huendi zako. Wazunguka uani. Nilikuwa sijawahi kukaa peke yangu nilipokuwa nikisomesha, sikulijua hilo.

Shaame akamuuliza mbona hakumwambia mtu, hata Zahran, kwamba yeye alikuja. Bi Tamima akasema alimwona alivyoingia hospitali na lile feni, hawezi kumtazama usoni, akaona inatosha. Kama angemwambia Zahran, Zahran angeanza kumchukia mtu aliyekuja, badala ya kumshukuru.

Mambo mengine watu hawahitaji kuyajadili. Shaame alitoa simu, akaitazama ramani yenye alama nyekundu, kisha akabonyeza kipaza sauti na kusema humo mbele ya baraza zima, kwa sauti ya kawaida, jicho lake liko kwenye mlango wa Bi Tamima.

— Zahran, ni miye Shaame. Mlango wa uani siuzibi. Na kamera haikai uani, watu wanaomtazama mama yako wanapita huko. Ile spika ya pili uliyoiandikia chumba cha wageni naitia jikoni kwa Mwanawema. Hodi ya tatu ikikosa jibu, italia kwake. Ukitaka fundi mwengine, tafuta. Lakini kwanza mpigie mama umuulize siku ile alilala chini akisikiliza nini.

Akapeleka, akaitia simu mfukoni bila ya kungoja jibu. Alijua huenda majumba ya Wete yamekwenda na upepo, na alishangaa kuona hilo halimuumi kama alivyodhani. Kificho alisema ngazi yake iko, kama ya Shaame ni fupi kwa ukuta wa Mwanawema. Mmanga akasema yeye atashika ngazi, na kwamba kengele kulia kwa jirani baada ya hodi ya tatu ni jambo lisilo na pingamizi. Walikuwa bado wamekaa pamoja, wote wawili upande wa kushoto, na hakuna aliyelitaja hilo. Nassor wa Mgogoni aliangalia kahawa ilivyopotelea kwenye ufa, akauliza kwa upole kama kosa ni lake.

— Shaame, alisema Bi Tamima ndani ya kidude. — Umeshamaliza na Maskati?

— Nishamaliza.

— Basi njoo. Hicho kidude kiwache hapohapo. Njoo na mdomo wako.

Alivuka njia. Ni hatua kumi na mbili, alizijua tangu alipokuwa akizikimbia na juzuu kichwani. Alisimama pale aliposimama siku ile, mbele ya mlango uliokuwa bado na matundu ya drili aliyoyatoboa asubuhi, akatengeneza kofia yake. Nyuma yake baraza zima lilikuwa likimtazama.

— Hodi, alisema.

Ndani, upawa ukagonga sufuria. Mara moja, ya pili, ya tatu, bila ya haraka. Na nyuma yake, kutoka kwenye kile kidude barazani, upawa uleule ukasikika tena kwa sauti ndogo, na akamsikia Mmanga akisema taratibu, kama anayefunga hesabu ya siku nyingi, kwamba ukihesabu na zile tatu za siku ile, hodi hiyo ni ya nne.

Shaame hakupiga nyingine. Alisukuma mlango akaingia.